Dai na Mizani: Jinsi Mkataba wa Kompyuta Unavyojikagua

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari walilolikusudia ni la karatasi, lenye karani awezaye kulifungua, kukata kosa kwa wino na kuandika pembeni hesabu iliyo sahihi. Siku hizi lipo daftari la aina nyingine. Likishaandikwa halikatwi wala halifutwi, na ndani yake mna mikataba ipokeayo na kutoa mali bila ya mkono wa karani. Katika daftari kama hilo haitoshi kuuliza iwapo mali imeandikwa. La kuuliza ni hili: kosa la aliyeuandika mkataba litagunduliwa na nani, na litagunduliwa lini?

Makala haya yanakusudia kueleza mojawapo ya njia za kulijibu swali hilo, nayo ni kutia madai ndani ya msimbo wa mkataba ili mkataba ujikague wenyewe kila unapotekelezwa. Ufafanuzi utaanzia katika jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili amelizoea, yaani mizani na vina, kisha utaingia katika mfano wa upatu wa Mji wa Kale, Mombasa, na katika mikasa miwili iliyotokea kweli mwaka 2018 na 2019. Hatimaye litajadiliwa suala la istilahi, kwa kuwa jina baya la jambo hili laweza kumpotosha mwenye mali.

Mizani kama ukaguzi

Shairi la arudhi lililozoeleka Mombasa huwa na mstari wa mizani 16, uliogawanywa vipande viwili vya mizani 8, na kila kipande kina kina chake. Darasani masharti haya hufundishwa zaidi kama pambo la sauti. Hata hivyo, yana kazi nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kufichua makosa ya wanakili. Utazamwe mstari huu, uliotungwa kwa ajili ya mfano tu:

Mgeni shuka bandari, uone mji wa kale.

Kila kipande kina mizani 8. Mnakili akiandika "ona mji wa kale" badala ya "uone mji wa kale", maana haibadiliki sana na msomaji wa haraka hatashtuka. Lakini mwenye kuhesabu atapata mizani 7 na atajua papo hapo kwamba pana kitu kimeanguka. Hakuhitaji kuiona nakala ya asili wala kumwuliza mtunzi. Kanuni iliyomo ndani ya shairi lenyewe ndiyo iliyomwambia.

Jambo hili lina uzito katika historia ya fasihi ya Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, hakuacha diwani iliyochapishwa. Sehemu kubwa ya tungo zake ilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19, wakati mmisionari W. E. Taylor aliposaidiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa. Diwani iliyohaririwa na William Hichens ilitoka mwaka 1940, na uchunguzi wa Mohamed Abdulaziz ukachapishwa mwaka 1979. Tungo zilizopita katika kumbukumbu za watu na mikono ya wanakili kwa miaka mingi namna hiyo zinahitaji shahidi, na mizani ni shahidi asiyechoka.

Lakini shahidi huyo ana mipaka yake. Mnakili akiandika "uone mji wa kule", mizani inabaki 8 na kina cha "-le" kinabaki vilevile, ilhali maana imekwenda kando. Vivyo hivyo katika hati ya Kiarabu isiyoongezewa alama, ambamo herufi moja ilitumika kwa sauti za "b" na "p": "bata" na "pata" huweza kuandikwa sawasawa, na mizani yake ni ileile. Kanuni hulinda kile tu ilichotaja. Nukta hii ishikwe vizuri, kwani ndiyo itakayorejea katika msimbo.

Mkataba mahiri ni nini?

Blokucheni ni daftari la miamala linalonakiliwa katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na kila ukurasa wake umefungamanishwa na ule uliotangulia, hata iwe vigumu mno kubadilisha la jana bila ya watu wote kujua. Mkataba mahiri ni programu iliyowekwa ndani ya daftari hilo. Programu hiyo hushika mali na kuitoa pindi masharti yaliyoandikwa yanapotimia. Nick Szabo, aliyelieneza wazo hili katika miaka ya 1990, alilifananisha na mashine ya kuuzia vinywaji: anayetia sarafu hupata soda, na hakuna mwuzaji wa kubembelezwa. Mtandao wa Ethereum, uliozinduliwa mwaka 2015, ndio ulioeneza matumizi yake, na lugha itumiwayo sana kuiandika mikataba hiyo huitwa Solidity.

Kwa kuwa daftari halifutwi, kosa lililomo mkatabani nalo huwa halifutwi kwa urahisi. Mwezi wa Juni 2016, mkataba ulioitwa The DAO ulinyonywa takriban etha milioni 3.6, kwa sababu ulikuwa ukitoa fedha kabla ya kuzipunguza katika hesabu ya mdai. Kulirekebisha kosa hilo kulihitaji sehemu kubwa ya jamii ya Ethereum ikubaliane kubadili mwenendo wa daftari lake. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, linaloitwa Ethereum Classic hadi leo.

Isidhaniwe kuwa mambo haya ni ya ughaibuni tu. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh ulioko Mikindani, upande wa bara wa Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, ili waweze kuuziana bidhaa siku ambazo shilingi zimeadimika. Waanzilishi walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa mwaka huohuo. Shirika la Grassroots Economics lilianza kuzihamishia vocha katika blokucheni mwaka 2018. Mfumo wake wa Sarafu ulitumika hata kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, na kati ya Januari 2020 na Juni 2021 ulikuwa na watumiaji takriban 40,000 nchini Kenya. Kwa hiyo anayetegemea usahihi wa msimbo aweza kuwa mchuuzi wa mboga ambaye hajapata kuuona msimbo wenyewe.

Sharti na dai

Na ichukuliwe sasa mfano wa kubuni. Kina mama 12 wa Mji wa Kale, wengine wakiuza mahamri na mbaazi Kibokoni, wengine viazi karai jirani na Ngome ya Yesu, wamekubaliana kucheza upatu. Kila mwezi kila mmoja hutoa vocha 1,000, na mmoja wao hupokea jumla ya vocha 12,000, hadi zamu ziishe. Badala ya kumwachia mweka hazina, wameamua kuutia upatu wao katika mkataba mahiri.

Msimbo wa mkataba huo utahitaji ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mlangoni. Mtu anapoleta mchango, mkataba huuliza: Je, huyu ni mwanachama? Ameleta vocha 1,000 kamili? Hajalipa tayari mwezi huu? Ukaguzi huu huitwa sharti, na katika Solidity huandikwa kwa neno "require". Sharti likikosekana, kosa ni la aliyekuja mlangoni: mgeni amejaribu kuingia, au mwanachama amekosea kiasi. Mkataba humkatalia na kila kitu hurudi kama kilivyokuwa.

Ukaguzi wa pili ni wa ndani, nao ndio dai, liandikwalo kwa neno "assert". Dai halimwulizi mtumiaji lolote. Linatangaza jambo ambalo mwandishi wa msimbo anaamini kuwa haliwezi kuwa kinyume hata iweje. Kwa upatu huu, mwandishi aweza kuandika madai matatu:

Dai la 1: baada ya mchango, salio jipya ni salio la zamani na 1,000.
Dai la 2: jumla iliyoingia, ukitoa jumla iliyotoka, ni sawa na salio lililoandikwa.
Dai la 3: idadi ya waliokwisha kupokea haizidi 12, na hakuna jina lililojirudia.

Dai likivunjika, si mtumiaji aliyekosea. Kosa ni la msimbo wenyewe, na aliyeuandika hakulijua. Hapo mkataba husimama, hulibatilisha tendo lote, na kuacha mali ilipokuwa. Hapo awali tofauti hii ilidhihirika hata katika gharama: hadi toleo la 0.8.0 la Solidity, lililotoka Desemba 2020, dai likivunjika lilimeza ada yote iliyosalia ya tendo hilo, ilhali sharti lilimrudishia mtumiaji ada isiyotumika. Tangu toleo hilo, dai nalo limeacha kumeza ada, lakini tofauti ya maana imebaki palepale.

Wazo la dai ni kongwe kuliko blokucheni. Mwezi wa Juni 1949, katika mkutano uliofanyika Cambridge, Alan Turing alipendekeza kuwa mwandishi wa programu ndefu aandike madai mahsusi katika hatua mbalimbali, ili mkaguzi aweze kuithibitisha hatua mojamoja. Alitoa mfano wa kujumlisha safu ya tarakimu: mhesabu akiandika waziwazi kila namba anayoibeba kwenda safu inayofuata, mkaguzi ataweza kukagua kila safu peke yake, asipoziandika, mkaguzi hana budi kuirudia kazi nzima. Robert Floyd mwaka 1967 na Tony Hoare mwaka 1969 waliliimarisha wazo hilo kimantiki.

Mkasa wa 2018: mizani isiyohesabiwa

Tarehe 22 Aprili 2018, sarafu ya kidijitali iliyojulikana kama BeautyChain ilishambuliwa kupitia sehemu ya mkataba wake iliyoruhusu mtu kuwatumia watu kadhaa kiasi kilekile kwa mkupuo. Msimbo ulifanya kazi kwa hatua tatu: kuzidisha idadi ya wapokeaji kwa kiasi cha kila mmoja ili kupata jumla, kukagua kama mtumaji anayo jumla hiyo, kisha kutoa na kugawa.

Kwa mtazamo wa haraka hakuna kasoro. Kasoro imo katika kuzidisha. Namba katika mkataba ina nafasi maalumu ya kuandikiwa, mithili ya mita ya gari ihesabuyo kilomita. Mita yenye nafasi nne hufika 9999, kisha huanza tena 0000. Mtu akiamuru wapokeaji 2 wapewe 5,000 kila mmoja, jumla ni 10,000, lakini mita itasoma 0000. Mkataba utauliza: Je, mtumaji anayo sifuri? Bila shaka anayo. Atakatwa sifuri, na wapokeaji watapewa 5,000 kila mmoja, mali iliyozuka hewani. Ndivyo ilivyotokea, ila kwa namba kubwa mno, na biashara ya sarafu hiyo ikasimamishwa katika soko la OKEx.

Funzo la kwanza ni kuwa sharti lilikuwapo. Mlango ulikuwa na bawabu, lakini bawabu alisomewa namba isiyo ya kweli. Kilichokosekana ni dai la ndani kuhusu kuzidisha kwenyewe: jumla ikigawanywa kwa idadi ya wapokeaji, sharti irudi kuwa kiasi cha kila mmoja. Sifuri ikigawanywa kwa 2 haiwi 5,000. Dai lingevunjika na wizi ungekoma hapo. La kusikitisha ni kwamba dai hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mkataba huo ulikuwa na maktaba ya hesabu salama iliyokuwa na dai hilohilo, na iliyatumia katika mistari mingine. Mstari huu mmoja haukuitumia. Ni kama shairi ambalo beti zake zote zimehesabiwa mizani ila mstari mmoja, nao ndio uliopungua.

Funzo la pili ni zito zaidi. Lau mwandishi angalidai tu kwamba jumla ya mali yote kabla na baada ya tendo iwe sawa, na akaihesabu jumla hiyo kwa mita ileile, dai lingepita. Elfu tano na elfu tano katika mita ya nafasi nne ni sifuri. Kilichoongezeka kingeonekana si kitu. Dai lisipimwe kwa kipimo kinachotiliwa shaka. Tangu toleo la 0.8.0, Solidity yenyewe hukagua kupindukia kwa namna hii bila ya kuambiwa, isipokuwa mwandishi ameizuia makusudi.

Mkasa wa 2019: dai lililokaza mno

Kutia madai mengi si dawa ya kila ugonjwa, kwani dai lenyewe laweza kukosewa. Mwaka 2019 mradi wa Edgeware uliweka mkataba ambao watu walifungia etha zao kwa muda. Kila aliyefunga alijengewa kisanduku kipya, na mkataba ukadai kwamba salio la kisanduku hicho ni sawasawa na kiasi alichokileta mtu huyo. Dai hili linaonekana kuwa la kweli daima. Kumbe anwani ya kisanduku kitakachofuata iliweza kukokotolewa kabla ya kisanduku kujengwa, na yeyote aliweza kutuma kiasi kidogo kabisa huko mapema. Salio lingezidi, usawa ungevunjika, dai lingeanguka, na asingefunga mtu mwingine yeyote. Dosari hiyo iligunduliwa na kutangazwa, na dawa yake ilikuwa kubadili "sawasawa na" kuwa "si pungufu ya".

Tukirejea upatuni, mtu wa nje akiitumia akiba ya kina mama vocha 1 bila ya kuombwa, dai lisemalo kwamba akiba yote iliyomo lazima iwe sawasawa na michango iliyoandikwa litaufunga upatu mzima. Aliyekuwa na zamu ya kupokea vocha 12,000 ataambulia patupu kwa sababu ya vocha moja iliyozidi. Kwa hiyo kuchagua kati ya "sawa na" na "isiyopungua" ni uamuzi wa maana, na unamhitaji mtu anayejua hasa kile wanachama walichokubaliana.

Kulijaribu dai mapema

Dai linalovunjika mkataba ukiwa kazini huokoa mali, lakini linalovunjika kabla ya mkataba kuwekwa huokoa mengi zaidi. Njia mbili zimeenea. Ya kwanza ni uthibitisho wa kimantiki. Programu itafsiriayo Solidity ina kikaguzi kiitwacho SMTChecker, ambacho huyachukua masharti kama mambo yaliyokubaliwa, kisha hujaribu kuthibitisha kwamba madai yatakuwa kweli katika hali zote. Kisipoweza, mara nyingi hutoa mfano wa namba zinazolivunja dai. Ya pili ni kuushambulia mkataba kwa majaribio mengi ya kubahatisha. Programu kama Echidna huuita mkataba kwa mpangilio na namba za kila aina hadi dai livunjike au muda uishe.

Njia zote mbili hutegemea madai yaliyoandikwa. Pasipo na dai, kikaguzi hakina cha kukagua. Mwandishi wa upatu akisahau Dai la 3, mwanachama aweza kupokea mara mbili, hesabu zote zikawa sahihi hadi vocha ya mwisho, na hakuna kikaguzi kitakachosema neno. Hapo ndipo "kale" inapogeuka "kule" na mizani ikanyamaza.

Suala la istilahi

Yapo maneno kadhaa yanayoweza kupendekezwa kwa dhana hii: "tamko", "thibitisho", "sharti" na "dai". "Tamko" ni jepesi mno, kwani hutamkwa tu na halimlazimu mtu. "Thibitisho" lina hatari, kwa sababu humfanya msikilizaji aamini kwamba jambo limekwisha kuhakikishwa, ilhali ndilo linalongoja kuhakikishwa. "Sharti" linafaa kubakizwa kwa ukaguzi wa mlangoni. "Dai" lina faida mbili. Kwanza, Mswahili husema "fulani anadai" panapokuwa na jambo lisilokubaliwa mpaka lipimwe. Pili, kudai ni kutaka haki iliyo mikononi mwa mwingine, na dai la mkataba linaudai msimbo haki ya mwenye mali.

Sifa ya "mahiri", kama ilivyo "erevu" au "janja", nayo yafaa kutumiwa kwa tahadhari. Mkataba huu hauna umahiri wa kutambua nia. Mkataba wa BeautyChain ulitii kila neno uliloandikiwa, na utiifu huo ndio uliouponza.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa sharti humkagua mtumiaji na dai huukagua msimbo. Kuwa dai, mithili ya mizani, hufichua kosa bila ya kumrejea mtunzi. Na kuwa hulinda kile tu kilichotajwa. Linalofuata ni swali la nani ataje. Mwandishi wa msimbo anajua kuandika dai, lakini huenda hajui kwamba katika upatu fulani aliyefiwa hupishwa zamu. Kina mama wanajua, lakini dai limeandikwa kwa lugha wasiyoisoma.

Kwa hivyo, kabla ya kikundi chochote kukabidhi akiba yake kwa mkataba wa aina hii, kinastahili kupewa orodha ya madai yake yote kwa Kiswahili kilicho wazi, kila dai katika sentensi moja, kisomewe na kiulizwe ni lipi lililosahauliwa. Kazi hiyo yataka mtu anayejua tofauti ya "sawa na" na "isiyopungua", ya "kila" na "yeyote", ya "hajapokea" na "hapokei". Hayo ni mambo ya sarufi na maana, na wenye taaluma ya Kiswahili hawana sababu ya kuwaachia wahandisi peke yao.